Kwa Culpepper

Wageni waliokuja kupiga picha waliizunguka nyumba yetu wakitafuta kibao, na walipokiona walibaki vinywa wazi, maana kilikuwa kwenye banda la kuku. "Nyumba ya Culpepper, 1888," kilisema kwa herufi za shaba, na chini yake jogoo wetu akiwakodolea macho. Mama ndiye aliyekipigilia pale, kwa mkono wake mwenyewe.

Mji wetu ni makao makuu ya kaunti, ukipenda kuuita hivyo: mahakama yenye saa iliyokufa, duka moja la vyakula, na majumba ya mbao yenye nguzo ndefu, nusu yake matupu. Vijana wamehamia Birmingham, jiji kubwa la jimbo letu. Tuliobaki tunahesabika, lakini wafu wetu hawajawahi kukosa makazi. Hapa nyumba haiitwi kwa jina la anayeishi ndani, huitwa kwa jina la aliyeondoka. Ukiuliza njia utaambiwa upinde kushoto kwa Tarpley, na nyumba ya Tarpley iliungua kabla sijazaliwa. Jambo hili limenichosha tangu utotoni.

Huyo Culpepper aliijenga nyumba yetu, akakaa humo miaka michache tu, akafilisika, akakimbilia Texas. Mama yangu, Odessa Mabry, alikaa humo ndoa yake yote na ujane wake wote. Mchana alishona mashati kiwandani, jioni akapanda ngazi kukwangua rangi kuukuu. Paa lilipovuja, alilipanda. Na bado kila fundi, kila mleta barua, kila mchungaji mpya alisema yale yale: "Ahaa, kumbe nyie ndio mnaokaa kwa Culpepper!" Utadhani tumepangishwa na mzimu.

Siku Lurleen Tackett wa chama cha majengo ya kale alipoleta kibao, moyo wa mama ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Alikisoma barazani, akamtazama Lurleen.

"Andikeni jina langu. Nataka nilisikie kabla sijafa."

"Jamani, Bi Odessa! Nyumba haipewi jina la mtu ambaye bado anaishi ndani. Haijawahi kuwa."

"Kwa hiyo mnasubiri nife?"

"Mungu apishilie mbali! Mimi sijasema hivyo."

"Umesema, shoga. Umelipaka asali tu."

Lurleen alipoondoka, mama aliomba nyundo. "Culpepper anataka nyumba? Haya, nimempa."

Mimi nilimfuata Lurleen kanisani, nikamfuata dukani, nikambembeleza kama mtoto anayetaka peremende.

"Renetta, mpenzi," akasema, "tukimfanyia yeye, kila mtu atataka."

"Kila mtu yupi? Mji huu umebaki na nani?"

Akacheka, akaniuliza kama ningependa kipande cha pai ya viazi vitamu. Nilitamani nimbandike nayo usoni.

Mama alifariki majira ya kuchipua. Tulipotoka makaburini, ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa chakula kama kawaida yetu: kuku wa kukaanga, sukuma iliyopikwa na nyama ya nguruwe, pai za kila aina. Lurleen alisimama, akapaza sauti juu ya makelele.

"Jamani, kitakachobaki msikiache hapa. Kipelekeni kwa Odessa."

Kwa Odessa. Hakuna aliyeshtuka. Wote waliitikia kwa vichwa, kana kwamba ndivyo walivyosema miaka yote, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi. Nililia kwa hasira, na wao wakanikumbatia mmoja mmoja wakidhani ni uchungu wa msiba peke yake.

Sasa naishi humo mimi. Nimebadilisha madirisha, nimetandika upya mbao za baraza, na rangi nakwangua kama yeye. Wiki iliyopita bomba lilipasuka, nikampigia fundi simu. Nikamtajia jina langu, mtaa, na namba ya nyumba. Hakuelewa kitu.

"Ngoja," akasema. "Ni pale kwa Odessa?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Mimi nakaa tu."