Wanakaa kwa Nani?

Watu wa Bariadi mjini walinicheka waziwazi nilipoanza kujenga vyumba vya kupangisha kule nje, barabara ya kwenda Lamadi. Walisema nani ataacha soko, stendi na bomba la maji akalale na fisi. Niliwaacha wacheke. Mimi nilikuwa nauza uji na chapati kwenye geti la jineri mpya, kiwanda cha kuchambua pamba, na nilikuwa naona wasichokiona wao. Vijana waliotoka Mwamanyili, Lamadi, hata Mwanza, walikuwa wanamaliza zamu na kujilaza juu ya marobota ya pamba kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua pamba, kazi iliyokuwa ya ushirika peke yake, na kila msimu tuliona mizani mipya, malori mapya na matajiri wapya. Jineri ile ilijengwa porini, jirani kabisa na mashamba yetu. Wengine waliona kelele na vumbi. Mimi niliona watu wanaotafuta mlango na kufuli.

Ardhi ilikuwa ya baba yangu, mzee Jilala. Nilikuwa nimerudi kwake kutoka kwenye ndoa huko Migato, nimebeba godoro na mdomo wangu, kama alivyopenda kunitania mdogo wangu Salu. Kwetu binti aliyerudi hupewa mahali pa kulala na sahani ya kulia. Ardhi ni ya watoto wa kiume. Hata hivyo nilimwomba baba kipande cha kando ya barabara, na maksai wawili wa kuuza ili nianze msingi. Mengine yangetoka kwenye chapati.

"Baba, ng'ombe anazaa," Salu alisema. "Nyumba itazaa nini?"

"Inazaa kila mwisho wa mwezi," nikamjibu, "tena haichungwi, na haiingii kwenye shamba la mtu."

Baba alicheka mpaka akakohoa, akakubali. Lakini aliweka sharti, maana Salu naye alikuwa mwanawe. Ikifika msimu wa kuuza pamba na vyumba havijaleta kitu, Salu angeuza kiwanja chote pamoja na vyumba, anunue ng'ombe. Mnunuzi alikuwepo tayari: bwana mmoja wa Mwanza alikuwa anazunguka na gari lake akitafuta kiwanja cha barabarani ajenge gesti. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua hesabu zangu.

Vyumba sita, tofali za kuchoma, bati juu. Vilijaa kabla rangi ya milango haijakauka. Cha kwanza alichukua Danford, fundi wa mashine aliyetoka Mwanza, kijana mpole mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Wengine walimfuata na masanduku yao. Ndani ya miezi michache watu wakaanza kupima viwanja nyuma yangu, na wale wale walionicheka wakawa wananiuliza fundi wangu ni nani. Niliwatajia bei ya fundi kwa sauti ya juu kidogo, wapate la kufikiri.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilivaa kanga yangu nzuri nikaenda kudai kodi. Danford alinitazama kama mtu aliyeshtakiwa kwa asichokijua.

"Mayu, mzee amekataa," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Amekataa nini?"

"Kodi. Nilimpelekea jana. Amesema nisirudie tena kumtukana."

Nilijua baba anapita pale kila asubuhi na kibuyu cha maziwa, anagonga mlango mmoja mmoja, anawaamkia, "Mwangaluka," anawamiminia maziwa, anawauliza habari za kwao. Nilidhani ni upole wa uzee. Kumbe alikuwa anawakaribisha! Nilimkuta zizini akitoa kupe kwenye sikio la ndama.

"Baba, umewaambia wapangaji wangu wasilipe?"

"Wapangaji ndio nini? Ng'wana wane, mwanangu, mtu alale kwenye ardhi yangu, anywe maziwa yangu, halafu nimdai? Banzengo, hawa majirani, wataniita nani?"

"Watakuita mwenye nyumba."

"Wale ni bageni," alisema, akarudi kwenye sikio la ndama.

Bageni, yaani wageni. Neno hilo ndilo lililotaka kunimaliza. Kwa baba yangu kulikuwa na watu wa aina mbili tu: wa nyumbani, na wageni. Wa nyumbani halipi kwa sababu ni wake. Mgeni halipi kwa sababu si wake. Nilimweleza mpaka koo likakauka. Nilimwambia mjini watu hulipa chumba kama wanavyolipa chumvi. Alinisikiliza kwa adabu zote, na kesho yake alipita tena na kibuyu, safari hii ameongeza na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Danford alijaribu kunipenyezea kodi kimyakimya. Baba alipopata habari hakulala, na asubuhi alinilazimisha nimrudishie kijana wa watu mbele yake. Baada ya hapo Danford aliniambia anaogopa kumuudhi mzee. Wenzake hawakuwa na woga wowote, walikuwa na raha. Sikuwalaumu sana. Nani atakimbilia kulipa akikatazwa kulipa?

Miezi ikaenda. Pamba ikapasuka mashambani, wanunuzi wakaanza kutengeneza vibanda vya mizani, na Salu akaanza kutembea na bwana wa Mwanza kwenye kiwanja changu, wanaoneshana mipaka kwa vidole. Nilipika chapati zangu kwa hasira hadi zikaungua. Nilikuwa nimeotesha nyumba palipokuwa na miiba, nimeijaza watu wenye kazi na mishahara, na ningeipoteza kwa sababu ya ukarimu wa baba yangu mwenyewe. Iliniuma sana.

Ndipo akafariki bibi Nyanjige, jirani yetu wa upande wa bondeni. Kwetu msiba ni wa nzengo nzima, yaani kaya zote za jirani. Siku hiyo hakuna anayegusa jembe. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanaleta maji na kuni, na asiyefika hujibu mbele ya watu na kutozwa faini. Tulifika wote. Jineri haikusimama. Tulimzika Nyanjige huku mashine zinanguruma, na kwenye mashine hizo walikuwepo Danford na wenzake, maana bosi wao hakuwa mtu wa nzengo yetu.

Siku ya kuondoa matanga, mchana, watu walikaa uwanjani kwa marehemu. Mboje, kiongozi wa nzengo, mwanaume mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alisimama kutaja makosa. Hakuchelewa kufika kwetu.

"Mzee Jilala, kuna watu sita wanalala upande wako. Hakuna hata mmoja aliyeshika sururu."

"Ni bageni," baba alijibu bila wasiwasi. "Mgeni haitwi kaburini."

"Mgeni gani ana kufuli lake mwenyewe?" Mboje aliuliza. "Mimi nikija kwako kulala, nakufungia mlango, naondoka na ufunguo mfukoni?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Kwa mara ya kwanza nilimwonea baba huruma. Alikuwa ameyaona yale makufuli kila asubuhi, na hakuwahi kujiuliza yanafanya nini kwenye milango ya wageni.

"Basi kama si wageni, tuambieni," Mboje aliendelea. "Wanakaa kwa nani? Lazima wawe na kaya. Mwenye kaya ndiye atakayewajibia."

Salu akarukia. "Hiyo isiwasumbue, banzengo. Kile kiwanja tunakiuza wiki hii. Wataondoka wote."

Hapo sikuweza tena. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake, miguu nimeinyoosha kwenye mkeka. Nilisimama hata kabla sijajua nitasema nini.

"Wanakaa kwangu," nikasema.

Kaya ya mwanamke aliyerudi kutoka kwenye ndoa, kwenye ardhi ya baba yake, hiyo haikuwahi kutajwa mbele ya nzengo ile. Wazee walitazamana. Salu alicheka kwa pua. Mboje hakucheka. Alimgeukia baba.

"Mzee, binti yako anasema ana kaya. Ni kweli?"

Baba angesema hapana, ningekaa chini bila kitu, mbele ya kila mtu niliyewahi kumjibu vibaya, na nilikuwa nimewajibu vibaya wengi. Baba alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Alimtazama Salu, akanitazama mimi, akatazama upande wa barabara ambako bati za vyumba vyangu zilikuwa zinang'aa.

"Ng'ombe wangu wanalala kwangu," alisema taratibu. "Wale watu wanalala kwa Kabula."

"Baba!" Salu akapaza sauti. "Unakwepa faini tu!"

"Nyamaza. Mtu hauzi kaya ya dada yake."

Labda ni kweli alikuwa anakwepa faini. Labda yale makufuli yalimfumbua macho. Mpaka leo sijamuuliza, na sina haja. Alilisema mbele ya nzengo, na lililosemwa mbele ya nzengo halirudishwi na bwana wa Mwanza wala gari lake. Wanawake walinipigia vigelegele ingawa tulikuwa msibani, wakajifunika midomo kwa kanga zao.

Mboje alinyoosha mkono kuomba utulivu.

"Basi, Kabula. Una kaya, na kaya yako imekaa hapa tangu masika bila kujitambulisha, na watu wake hawakufika kwenye msiba. Utalipa mbuzi. Tena usichukue zizini kwa baba yako. Mwenye kaya analipa kwa chake."

Jioni ile baba alikwenda kwenye vyumba bila kibuyu. Aliwaambia kwamba mwenye kaya ni mimi, na taratibu za kwangu waniulize mimi. Danford alikuja kulipa kabla sijamaliza kuosha sufuria. Alileta na malimbikizo yote, akaniuliza kama msiba mwingine ukitokea amtume nani kazini kuomba ruhusa. Nilimwambia atanituma mimi, na huyo bosi wake atanisikia.

Nilinunua mbuzi mnadani, beberu mweupe mwenye kiburi. Kutoka mnadani hadi kwa Mboje kuna njia ya mkato. Sikuipita. Nilimkokota beberu yule kupitia geti la jineri, kupitia vibanda vya mizani, kupitia mlangoni kwa Salu, polepole, jua la saa sita likiniwakia utosini.

"Mbuzi wa nani huyo, mayu?" mtu mmoja aliniuliza kutoka kwenye foleni ya pamba.

"Wa faini," nikamjibu, ili foleni yote isikie. "Faini ya kaya yangu."