Unga wa Ubao wa Kichwani

Jumamosi asubuhi Wilhelmina aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, akivunjavunja kichwa cha dagaa mkavu kwa kucha, awape sisimizi wake. Bakuli lao la kioo lilikaa juu ya jiwe lililoingia nusu ndani ya ukuta wa jiko, maana nyumba za huku Ilemela hujengwa pale jiwe linaporuhusu, na jiwe lisiporuhusu mtu hujenga nalo humohumo. Mdomo wa bakuli alikuwa ameupaka mafuta ya mgando ili wasipande wakatoka. Ndani mlikuwa na kizibo chenye tone la asali, pamba iliyolowa maji, na kipande cha ubao kilichojaa matundu.

Malkia wao alimwokota mwenyewe baada ya mvua za kwanza, kwenye nguo alizokuwa anaanua. Alikuwa mweusi, mnene, ameshadondosha mbawa, anatafuta pa kujificha. Mtu mwingine angempiga kandambili yakaisha. Mina, kama anavyoitwa na wote, alimtia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akaziba kwa pamba, akamweka kabatini gizani, kama alivyoona kwenye simu watu wa nchi nyingine wakifanya. Baba yake alikuwa bado hai, amelala chumba cha mbele, na kuuguza kunataka uwe na kitu kingine kidogo cha kuangalia, la sivyo utarukwa na akili. Malkia alitaga, mayai yakawa vibuu, vibuu vikawa sisimizi wa kwanza, wadogo na waoga. Wote mabinti. Katika kundi la sisimizi kazi yote hufanywa na mabinti, na wao ndio wanaokaa ndani. Madume huja baadaye, huota mbawa, huondoka zao.

Majirani waliwaita mchwa, na Mina alichoka kuwasahihisha. Mchwa hula mbao. Hawa hawali. Huchonga vyumba na vijia ndani ya mti, na unga wake huutupa nje, kama mama anayefagia kwake asubuhi. Ni maseremala tu, wasiolipwa na mtu.

Mzee Ndalahwa, baba yake, alifariki majira ya vijidudu vya ziwani, siku zile vinapotanda hewani kama moshi na watu hula wamefumba macho. Ukoo ulikuja, akazikwa, watu wakanyolewa, msiba ukamalizwa. Kitanda cha marehemu hakilaliwi tena na mtu wa nyumba ile, kwa hiyo wanaume walikivunja wakakiegemeza nyuma ya mawe. Ubao wa kichwani ulikuwa wa paini, na ulikuwa umelainika kwa mvua ya dirishani na kwa jasho la mgonjwa. Sisimizi maseremala hupenda ubao wa namna hiyo. Mina alikata kipande kwa msumeno akawapa.

Baada ya siku chache unga ulianza kusema.

Ulikuwa unga kidogo tu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Mina aliumwaga kwenye kisosi ili akautupe, nao ukakohoa. Kilikuwa kikohozi cha baba yake, kile cha alfajiri, chenye mluzi mwishoni. Kisha ukasema, "Mayu, maji." Hivyo ndivyo mzee alivyomwita binti yake, kwa neno la kilugha lenye maana ya mama. Mina aliukusanya, akaumwaga tena, nao ukasema tena vilevile. Basi hakuutupa. Akautafutia kikopo.

Kila walipochonga alipata kingine. Alipata nusu ya rozari. Alipata mzee akibishana na mtangazaji wa mpira redioni, akimwambia hajui kitu. Alipata sauti yake mwenyewe ikisema, "Geuka upande huu, baba, nikupake mafuta," na akashangaa kidogo kwamba ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kiasi kile. Jirani yake Justa alikuja kuazima mkaa, akakuta kisosi kinakohoa, akasimama kidogo na ndoo yake.

"Mzee leo kifua kimelegea," alisema.

"Hicho ni kikohozi cha zamani," alisema Mina. "Kabla ya zile sindano."

"Ahaa. Nimechukua makaa manne, nitarudisha jioni."

Nyumba yenyewe haikuwa tena ya Mina, kama iliwahi kuwa yake. Kikao cha ukoo kilikaa mara tu msiba ulipomalizwa, baba mdogo Shimba akauliza kama marehemu aliacha neno lolote kuhusu nyumba. Masele, kaka yake Mina, mwenye duka kule Misungwi, alisema mzee hakuacha neno. Kama hakuna neno, nyumba ni ya mtoto wa kiume. Mina alikuwa ameacha kazi ya kiwanda cha samaki ili amuuguze baba, akamlisha, akamwogesha, akambeba mgongoni kuteremka mawe hadi barabarani siku za kliniki. Kikaoni alipewa pole na vitenge viwili. Masele akampigia simu kwamba wapangaji wanaingia mwisho wa mwezi, kwa hiyo dada ajipange.

Jumamosi ile, walipokwisha kula dagaa, sisimizi walirudi kazini. Walikuwa wamefika sehemu ya ubao iliyokuwa usawa wa sikio la mgonjwa. Adhuhuri Mina aliukomba unga wao, akaumwaga kwenye kisosi, akaendelea kuosha vyombo.

"Masele," ulisema ule unga. "Hii nyumba ni ya Mina. Nilishasema moyoni, sasa nasema kwa mdomo. Yeye yuko wapi?"

"Amekwenda bombani kuchota maji," ilisema sauti ya Masele.

"Akirudi mwambie. Na wazee waambie."

"Sawa, baba. Nimesikia."

Mina alifuta mikono. Aliumwaga tena unga ule, na tena, mpaka akawa na hakika ya kila neno. Kilichomuuma zaidi si nyumba. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa bombani, na foleni siku hiyo ilikuwa ndefu, na maji yenyewe yalikuwa ya kumwogeshea mzee huyohuyo. Alilia hapohapo kwenye beseni, akamaliza vyombo, akampigia simu baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Baba ameacha neno."

"Marahaba. Ameliacha wapi?"

"Kwenye ubao wa kitanda. Sisimizi wamelitoa."

"Basi tutakuja kesho baada ya misa," alisema Shimba. "Upike chai."

Walikuja watatu, Shimba, shangazi Malimi, na Masele mwenyewe katika shati la kanisani. Walikunywa chai na mihogo ya kuchemsha, wakaulizana habari za mvua. Masele alilitazama bakuli la kioo, akasema hao sisimizi wameongezeka. Mina akasema ndiyo, wanakula vizuri. Kisha akaweka kisosi mezani, akaanza na unga wa kikopo ili wapate kuizoea sauti.

Kikohozi kilipotoka Shimba alivua kofia.

"Shikamoo, kaka."

"Malahaba," ulisema unga, kwa ile l ya mzee ambayo shule haikuwahi kuiondoa. Ilikuwa salamu ya mtu mwingine, ya siku nyingine, lakini iliangukia mahali pake. Shimba akaridhika, akavaa kofia.

Mina akamwaga unga wa jana. Wote waliinama juu ya kisosi. Walipofika kwenye "Sawa, baba, nimesikia", shangazi Malimi aliomba urudiwe, kwa sababu sikio lake moja ni zito, na Mina akarudia upande wa sikio zima.

"Ni yeye," alisema shangazi. "Jamani, ni kaka kabisa. Na huyu mwingine ni Masele."

"Ni mimi," alisema Masele.

"Ulisikia alivyosema?" aliuliza Shimba.

"Nilisikia."

"Mbona kikaoni ulisema hakuacha neno?"

Masele alitazama chai yake. "Nilifikiri alikuwa amelisema kwa ajili yangu tu. Kwa sababu tulikuwa wawili."

Hakuna aliyemkaripia. Shimba alivuta pumzi, akakuna goti, akaanza kusema polepole, kama mtu anayeteremka mawe na mzigo. Alisema neno la marehemu ni neno, na limesikika, na hakuna mtu hapa atakayesema hakulisikia. Lakini kikao kilishafungwa kwa sala. Katekista aliomba, wote wakaitikia amina, hata Mina aliitikia. Na ng'ombe wa kumalizia msiba, aliyeletwa na Masele, alishaliwa na ukoo mzima.

"Kikao kilicholiwa ng'ombe hatujawahi kukifungua," alisema. "Sasa yule ng'ombe tumtapike?"

"Nitatafuta ng'ombe mwingine," alisema Mina.

"Ng'ombe wa kumaliza msiba huletwa na mtoto wa kiume, mwanangu. Unajua."

Mina alijua. Aliwatazama mmoja mmoja, na safari hii sauti yake ilipanda. "Kwa hiyo baba amesema bure?"

"Hapana! Nani kasema bure?" Shimba alionekana kuumia kweli. "Amesema, nasi tumemsikia. Tumefurahi mno kumsikia. Mimi tangu tumzike sijapata faraja kama ya leo."

Shangazi Malimi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alimwambia Mina awatunze wale wadudu vizuri, wana baraka. Kisha wakasimama, wakasali, Shimba akafunga kikao hicho nacho.

Masele alibaki nyuma mlangoni akizungusha funguo za pikipiki kidoleni. Wazee walikuwa wameshaanza kuteremka, mmoja akimshika mwenzake mkono.

"Mina. Humo kwenye kikopo, hakuna mahali ananiita? Si pale pa nyumba. Mahali pengine."

Palikuwepo. Mzee alikuwa amesema, "Masele, umekula? Kaa ule kwanza, Misungwi ni mbali." Mina alimkumbuka Masele siku hiyo, alivyokula ugali wote wa sufuria akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumnyima. Alitaka kweli, mpaka meno yakamuuma. Lakini maneno yale aliambiwa Masele, kwa hiyo yalikuwa ya Masele, na Mina hakuzoea kukaa na kitu cha mtu. Aliuchukua unga ule, akaufunga kwenye kikaratasi kama chumvi ya kioski, akampa.

"Usiumwage penye upepo," alisema.

"Asante, dada," alisema Masele. Alikitia kikaratasi mfuko wa shati, akakigusa mara mbili kuhakikisha kimo. "Wapangaji wanakuja Ijumaa. Ukiacha funguo kwa Justa inatosha."

Alhamisi Mina alivuka ziwa kwenda Kamanga, alikopata chumba kwa mwenzake wa zamani wa kiwandani. Alipanda kivuko na beseni la vyombo, godoro, na bakuli la kioo alilolifunika kitenge kimoja kati ya vile viwili. Ubao uliobaki alikuwa ameukata vipande, vikaenea kwenye mfuko wa unga wa sembe. Mkata tiketi aliuliza kwenye kitenge kuna nini.

"Sisimizi," alisema Mina. "Na baba yangu."

Mkata tiketi aliinama, akasikiliza, akasikia kikohozi, akamwamkia mzee. Akasema sisimizi hawana nauli, na mzee mgonjwa namna hiyo naye apite tu, ila beseni alipie.

Chumba cha Kamanga kina dirisha moja, nalo linatazama maji. Jioni taa za mjini huwaka ng'ambo, na ukijua pa kuangalia unaweza kuiona milima ya Ilemela, lakini huwezi kujua taa ipi ni ya nyumba ipi. Mina hakujaribu. Aliweka bakuli mahali penye kivuli, akapaka mafuta ya mgando upya, akawapa asali. Safari haikuwadhuru. Walikuwa wameshachonga vyumba vipya ndani ya ubao, na malkia amehamia cha ndani kabisa na mayai yake.

Aliukomba unga mdogo uliokuwa umetoka njiani, akaumwaga kwenye kisosi dirishani. Alitegemea kitu kipya. Ulikuwa uleule, labda chembe zilizokuwa zimebaki kwenye kijia.

"Akirudi mwambie," alisema mzee.

"Nimesharudi, baba," alisema Mina. "Nimeambiwa."

Mzee akakohoa, akaomba maji. Mina akaichovya pamba kwenye kikombe, akairudisha ndani ya bakuli, na mabinti wakatoka ubaoni mmoja mmoja kuja kunywa.