Wati Thelathini na Tano

Uvumi wenyewe Deolinda Furtado aliupata Jumanne asubuhi, kwenye nyumba ya mashine za kufulia, akiwa ameshika pembe mbili za shuka na Leopoldina ameshika mbili nyingine.

"Kule New Bedford kuna msichana amenywewa na chaja," alisema Leopoldina.

"Amenywewa?"

"Na chaja ya laptopu. Karani wa daktari wa meno. Imemnywa kama juisi kwa mrija. Sasa mama yake akitaka kufungua dirisha, kwanza ampakatishe kitabu kizito."

"Toka hapa! Mwaka jana si wewe uliyesema sabuni ya buluu inasahaulisha watu majina?"

"Na Pasaka si ulisahau jina langu mbele ya padri?"

"Nililisahau kwa makusudi."

Wakacheka, wakasogeleana, wakakutanisha pembe, wakaachana tena mpaka shuka likawa dogo kama kitabu. Leopoldina akaendelea na habari za mguu wake. Lakini Deolinda alibeba kapu lake kupanda mlima wa Mtaa wa Columbia, pale Fall River, na yale maneno yamemganda kama ubani kwenye nguo. Ijumaa iliyopita alikuwa ameharibu chaja ya bintiye, na Jumamosi alikuwa amenunua nyingine ndogo.

Wiki ile Taji la Roho Mtakatifu lilikuwa nyumbani kwake. Kila mwaka baada ya Pasaka Taji hukaa wiki moja moja katika nyumba saba za parokia, na majina saba hutolewa kwa kura. Deolinda alikuwa ameweka jina lake kwenye kofia ya kura miaka kumi na tisa. Lilipotoka, alilia, akapaka rangi chumba cha mbele, akatengeneza madhabahu ya maua ya karatasi yenye ngazi tano, na kuizungushia taa ndogo ndogo ambazo kwa desturi hazizimwi mpaka Taji liondoke Jumapili.

Chumba hicho hicho cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi ya binti yake, Zélia, mwenye miaka ishirini na minne. Zélia alifanya kazi ya kampuni ya bima akiwa nyumbani. Alipokea simu za watu waliounguliwa nyumba au waliofurikwa na maji, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaeleza kwa upole kwa nini hawatalipwa. Laptopu ilikuwa ya kampuni, nyembamba kama sinia ya kuokea biskuti. Chaja ikiharibika, sheria ilisema mfanyakazi atajinunulia. Mashine ikizimika saa za kazi, ilihesabiwa kwamba mfanyakazi ameondoka. Ikizimika mara tatu, ameondoka kweli.

Basi Ijumaa, Deolinda akisafisha zulia ili Taji likute chumba kinang'aa, mashine ya kufyonza vumbi ilimeza waya wa chaja na kuutafuna.

Jumamosi akaenda kwa Valdemar, mwenye duka la vifaa vya umeme chini ya kile kiwanda cha zamani cha nguo. Alichukua kipande cha waya chenye kichwa.

"Laptopu yenyewe iko wapi?" aliuliza Valdemar.

"Nyumbani. Nimeleta kichwa. Jaribu tu kama kinafanana."

Deolinda alisoma mpaka darasa la nne kule Ureno, kisiwani São Miguel, na huko kitu kilipimwa kwa kuingia: mfuniko kwenye chungu, ufunguo kwenye kufuli, mguu wa bibi harusi kwenye kiatu. Chaja zote alizowahi kununua alizinunua hivyo. Kikiingia, ni chenyewe.

"Vichwa vya siku hizi vyote vinafanana, bibie," alisema Valdemar. "Kimoja kinaingia kwenye simu, kinaingia kwenye taa, kinaingia mpaka kwenye mswaki. Soma wati. Waya huu umeandikwa sitini na tano." Akaweka mezani chaja mbili. Moja nyeusi, nene kama tofali. Nyingine nyeupe, ndogo kama kiberiti. "Hii kubwa ndiyo sitini na tano. Hii kiduchu ni thelathini."

Deolinda alizipima kwa jicho. Ukutani kule chumba cha mbele kulikuwa na soketi moja ya matundu mawili. Waya wa kurefushia mwenye nyumba aliupiga marufuku tangu ghorofa ya tatu iungue, na intaneti ya kazi ilifika kwa waya kwenye chumba kile tu. Tofali lile lingefunika matundu yote mawili.

"Nikiweka hii kubwa, taa za Roho Mtakatifu nizichomeke wapi? Masikioni mwako?"

"Mimi nakuambia wati."

"Hii ndogo itachaji?"

"Kuchaji itachaji."

"Basi nifungie."

Valdemar hakusema itachaji kwa kitu gani, na Deolinda hakuuliza.

Sasa, Jumanne ile alipotoka kufua, hakupanga shuka kabatini. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya jikoni, akatoa karatasi iliyokuja na chaja, iliyokunjwa mara nane, yenye lugha kumi na mbili. Kireno kilikuwa nyuma kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa. Alivaa miwani, akafuata mstari kwa kidole. Iliandikwa: mashine ikihitaji zaidi ya wati thelathini, kiasi kinachopungua kitatolewa na mtumiaji.

Akaisoma mara mbili. Kisha akaenda mlangoni mwa chumba cha mbele kumtazama mtumiaji.

Zélia alikuwa amevaa vipokea sauti, anamwambia mtu wa Ohio kwamba maji yaliyopanda kutoka chini hayahesabiwi sawa na maji yaliyoshuka kutoka juu. Tangu Jumatatu alikuwa akilalamika vidole vinakufa ganzi. Sasa kupitia bega lake la kushoto taa za madhabahu zilionekana, nyekundu na buluu, hafifu kidogo, kama kupitia pazia. Kwenye kioo cha laptopu, mle kwenye kijidirisha chenye picha yake, alikuwa amenawiri, mashavu mekundu.

Alipomaliza simu Deolinda akampandisha kwenye mizani ya bafuni. Wiki iliyopita alikuwa na ratili mia na thelathini. Sasa mia na nne.

"Ni hii chaja," alisema Deolinda. "Narudi kwa Valdemar sasa hivi. Tutachomoa taa."

"Mama, taa haziwezi kuchomolewa."

"Nani kasema?"

"Wewe. Umesema hivyo tangu niko tumboni." Zélia alikuwa anasugua mikono yake, na haikutoa sauti. "Saa moja jioni parokia nzima iko hapa kusali rozari. Wakute giza? Miaka kumi na tisa, mama. Siku tano tu, Jumapili linaondoka. Nikila vizuri nitarudi."

Deolinda alitazama Taji, fedha tupu, dogo kuliko kichwa cha mtu yeyote. Alitazama taa. Akasema, "Basi mpaka Jumapili." Neno hilo ndilo lililokuja kumnyima raha baadaye.

Akapika supu ya sukuma wiki yenye soseji, sufuria kubwa. Zélia alikula mabakuli matatu kwa siku na mkate mtamu juu yake. Jumatano alikuwa ratili themanini na mbili. Deolinda akavuta kiti, akasema atafanya yeye hizo simu ili inywe kwake, maana nyama anayo ya kutosha. Aliweka mikono juu ya vitufe. Mashine ikadai nywila. Hakuwa nayo, na Zélia alikuwa amekula kiapo cha kampuni kutompa mtu.

Jioni watu walikuja, wakapiga magoti, wakasali. Baada ya sala walikunywa kahawa na kumtazama Zélia aliyekaa pembeni.

"Umepungua, binti," alisema mzee Hermano, msoma rozari. "Naona mpaka zile waridi nyuma yako."

"Ni kazi tu, mzee wangu."

"Mwanangu Duarte alikwenda hivyo hivyo, kule ghala la mizigo. Yeye walianzia miguuni."

"Na sasa?"

"Yupo. Tunamwekea kiti." Akaomba kipande kingine cha mkate.

Leopoldina alimvuta Deolinda jikoni. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia wa New Bedford."

"Haya, sasa ni wa Fall River. Shoga, badilisha hiyo chaja leo."

"Jumapili."

Leopoldina akamwona Deolinda anavyoosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshaoshwa, akachukua kitambaa akakikausha.

Alhamisi ratili hamsini na saba. Ijumaa thelathini na moja. Msimamizi wa Zélia alitokea kwenye kioo, akasema hajapata kumwona anang'aa hivyo, na kwamba yeye ndiye mfanyakazi bora wa mwezi. Jumamosi Zélia alifanya zamu ya ziada kwa sababu mfanyakazi bora hakatai. Saa kumi jioni alikuwa na ratili kumi na moja, na Deolinda akafunga madirisha yote, ingawa nje kulikuwa na jua zuri la machipuko na watoto wanacheza.

Jumapili Taji liliondoka kwa maandamano, bendi ikipiga. Deolinda hakulisindikiza zaidi ya ngazi. Alirudi ndani akachomoa taa. Valdemar alikuwa amemfungulia duka kwa mlango wa nyuma, na tofali jeusi lilikuwa tayari mfukoni mwa aproni. Lilifunika matundu yote mawili, kama alivyojua. Wati sitini na tano. Mashine ikanywa ukutani peke yake.

Zélia hakupungua tena. Hakuongezeka pia.

Deolinda alichukua kichwa cha waya akamshikisha bintiye, ili kile kilichoingia kitoke. Wakakaa hivyo saa mbili. Akampigia simu Valdemar.

"Mashine hiyo haitoi, bibie. Ina mlango wa kuingilia tu."

"Sasa kiko wapi?"

"Kimo humo humo. Hakijaenda popote."

Hilo lilimpa nafuu mpaka Jumatatu, ilipokuja barua ya kampuni kwamba mashine zote zinabadilishwa. Mchukuzi atapita Jumanne saa nne kuchukua za zamani. Deolinda akapiga namba iliyoandikwa chini, akasubiri muziki uishe.

"Binti yangu yuko ndani ya laptopu yenu," alisema. "Sehemu kubwa. Naomba tubaki nayo hii moja."

"Pole sana, mama." Ilikuwa sauti ya kijana, ya upole, nyembamba sana, kama ya mtu anayesema nyuma ya karatasi. "Kilichomo ndani ya mashine ni mali ya kampuni. Kuna jingine naweza kukusaidia?"

"Na wewe, mwanangu, una ratili ngapi?"

"Naomba usiulize hilo, mama. Simu zinarekodiwa."

Usiku ule Deolinda aliificha laptopu chini ya godoro lake. Asubuhi alimkuta Zélia amekwisha kuitoa. Ilimchukua tangu alfajiri, kwa kuiburuta inchi kwa inchi, maana ilikuwa imemzidi uzito.

"Wee mtoto una wazimu? Hiyo ni wewe!"

"Tusipoirudisha, kazi imekwisha, na nyumba imekwisha. Utaniweka wapi, mama? Mimi hata mvua siwezi tena." Akajaribu kutabasamu. "Nisaidie kufunga boksi. Mkanda unanibeba."

Deolinda alifunga boksi mwenyewe. Aliweka ndani kipande cha mkate mtamu, kwenye leso.

Mchukuzi alikuja saa nne kasoro, kijana mnene mwenye kofia. Alijaribu kuliinua boksi kwa mkono mmoja, akaliacha, akaenda kuleta toroli na mizani.

"Laptopu?"

"Laptopu."

"Mia na ishirini na mbili," alisoma. Akaandika.

Laptopu ile, kwa mujibu wa karatasi yake, ilikuwa na uzito wa ratili tatu. Deolinda alipiga hesabu ya kutoa kichwani, kama walivyofundishwa darasa la nne, akapata mia na kumi na tisa. Akaongeza kumi na moja. Ilikuja sawa.

"Polepole kwenye ngazi," alisema.

"Usijali, mama, nimezoea. Hii ya nne tangu asubuhi. Ya mtaa wa chini ilikuwa mia na hamsini, nikamwita mwenzangu." Akafungua mlango wa gari. Nyuma mlikuwa na maboksi kama yale yamepangwa mpaka juu.

Laptopu mpya ilifika Alhamisi kwenye bahasha, nyembamba kuliko ile ya kwanza. Chaja haikuwemo.

Deolinda alishona vyuma vizito vya kukazia pazia lisipepee kwenye pindo la gauni la Zélia, akamkalisha mahali pake pa zamani. Zélia akavaa vipokea sauti. Mtu wa Kentucky alikuwa ameunguliwa ghala. Madhabahu ilikuwa imevunjwa, na nyuma ya Zélia ukuta mweupe ulionekana vizuri, na soketi yake.

Jioni Deolinda alitwaa bahasha ya sadaka ambayo haijatumika, akaandika upande wa nyuma kwa herufi kubwa, akaenda kuibandika kwenye nyumba ya kufulia, pembeni ya tangazo la paka aliyepotea. Leopoldina alimshikia mkanda. Bado ipo.

Usinunue chaja kwa sababu ni ndogo.

Usiamini kichwa cha waya. Kinaingia kila mahali.

Usichukue yenye wati pungufu ya zilizoandikwa chini ya mashine, hata moja.

Usitupe karatasi ya boksi kabla hujasoma nyuma.

Usiulize kama itachaji. Uliza itachaji kwa kitu gani.

Usimsifu mtoto kuwa anang'aa kabla hujamshika mkono.

Usimpe mchukuzi boksi ambalo wewe mwenyewe huwezi kulinyanyua.

Usingoje Jumapili.