Maoni Kuhusu Jabali

Asubuhi ambayo sheria mpya ya ngao ilianza kutumika, Jabali aliamka akakuta ngao yake imenywea na kuwa kama kifuniko cha sufuria. Aliigeuza huku na huku, akaitundika kwenye msumari wake karibu na mlango wa jikoni, kisha akaenda kumsaidia wifi yake kutoa mikate. Wifi yake aliitazama ile ngao, akasema angalau sasa haitagonga watu vichwa wakipita. Wakaendelea na kazi, maana mikate ya Jumamosi haimngoji mtu.

Huyo wifi alikuwa mwanamke mfupi, mwoka mikate tangu usichana wake, na mjane. Mumewe alikuwa mpima miwani, mtu mpole kupindukia, aliyekuwa akikigonga kiti anakiomba radhi. Kila Jumamosi alasiri mpima miwani alikwenda kwenye chumba cha nyuma cha maktaba kucheza mchezo ambao mkewe hakuwahi kuuelewa vizuri. Watu wazima walikaa kuizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake wa kubuni. Msimulizi aliwaeleza wamefika wapi na wamekutana na nini, wao wakasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu zikaamua kama wamefaulu. Mhusika wa mpima miwani alikuwa Jabali, mpiganaji wa kike mwenye kimo cha mlango, shoka begani na kovu shavuni. Mkewe alimuuliza siku moja kwa nini mwanamume mzima na heshima zake ajifanye mwanamke mwenye shoka. Alijibu kwamba mtu akiwa yeye mwenyewe juma zima, Jumamosi ana haki ya kupumzika.

Alipofariki, waombolezaji wakatawanyika na viti vya kukodi vikarudishwa, Jabali alibaki sebuleni. Hakuna aliyemwona akiingia. Alikuwa akikusanya vikombe. Jirani aliuliza kama ni ndugu wa upande wa mume, mwoka mikate akafikiri kidogo, akajibu kuwa ndiyo. Tangu hapo wakaitana wifi. Mdogo wake marehemu, ambaye ni fundi umeme na mchezaji wa klabu hiyohiyo ya maktaba, alikuja na msumeno akaupandisha mlango wa jikoni, kwa sababu Jabali alikuwa akijigonga kila alipoingia.

Kilichomfanya mwoka mikate ampokee moja kwa moja hakikuwa mabega, ingawa mabega yalifaa. Kilikuwa kicheko. Marehemu alikuwa na kicheko kilichoanza kimya, kikapita kama kikohozi, kisha kikamtoka chote kwa mkupuo mpaka akashika ukuta. Jabali alicheka hivyo hivyo, kwa sauti ileile. Mara ya kwanza kicheko hicho kiliposikika jikoni, mwoka mikate aliliacha donge likaumuka, likafurika, likaanguka sakafuni. Siku hiyo watu walinunua mikate kwingine, na yeye hakujali.

Jumamosi walikwenda maktaba pamoja. Jabali alikaa kwenye kiti cha marehemu, akacheza kama yeye mwenyewe, akarusha dadu kwa kiganja kilichozifunika zote. Mwoka mikate alikaa dirishani na kufuma. Alimsikiliza akicheka, na hilo lilimtosha.

Sheria zilitoka makao makuu ya mchezo. Makao makuu yaliendesha kisa kimoja katika klabu za miji mingi, ili mchezaji akihama aweze kuhama na mhusika wake bila ugomvi. Kila msimu walibadilisha kitu. Walipopunguza mizigo, Jabali aliamka hawezi kuinua zaidi ya gunia moja la unga, ikabidi wakodi mkokoteni. Walipobadilisha uponyaji, alama ya kuungua mkononi mwake ilikawia kupona kama ya mtu yeyote. Na kila baada ya badiliko waliomba maoni ya wachezaji. Wachezaji waliyatoa. Fundi umeme aliandika maoni marefu, yenye vifungu na hesabu za dadu, mpaka mkewe akamwambia angelimwandikia yeye hivyo enzi za uchumba wangelioana mapema zaidi. Makao makuu walijibu kila mara kwamba wanathamini maoni yake.

Kisha ikaja rasimu ya sheria kuhusu wahusika wa marehemu. Aliyeisoma alikuwa msimulizi wa klabu, daktari wa meno, kwa ile sauti anayoitumia kumweleza mgonjwa kwamba jino haliwezi kuokolewa. Mhusika ambaye mchezaji wake amefariki atastaafishwa. Hatakaa kwenye meza ya mchezo, hatarusha dadu, hatatoa sauti. Hatarithiwa na yeyote. Maoni yatapokelewa mpaka mwisho wa mwezi.

"Asiyekuwapo na lake halipo," alisema fundi umeme. "Ndicho wanachosema, shemeji. Wamekipamba tu."

Mwoka mikate aliweka chini ufumaji. Alisema yeye ana maoni. Daktari alimweleza kwa upole kwamba maoni hupokelewa kutoka kwa wachezaji peke yao. Basi mwoka mikate akavuta kiti akasema wamwandikishe.

Walimuuliza mhusika wake awe nani. Walimwambia hapa hakuna mipaka, anaweza kuwa malkia, mchawi, hata ndege. Alifikiri, akasema awe mwoka mikate. Walimhimiza aongeze kitu chochote ambacho yeye hana. Akasema basi awe mrefu kidogo.

Daktari alifungua kompyuta akamwambia azungumze, yeye atachapa.

"Andika kwamba akicheka namsikia mume wangu. Sauti yake sikuirekodi, nilidhani ipo tu. Wachukue shoka, wachukue nguvu, mikate nitaibeba mwenyewe. Kicheko wamwachie."

Kwenye fomu palikuwa na sehemu iliyouliza jambo hilo linaathiri vipi usawa kati ya wachezaji. Mwoka mikate alisema waambie haliathiri, nyumbani kwake hashindani na mtu.

Jabali alikuwapo akayasikia yote. Jioni yake, wakikanda unga wa kesho, ndipo alipofungua kinywa. Alisema sheria ile aliiomba marehemu mwenyewe.

Mwoka mikate aliendelea kukanda. Jabali akamweleza. Zamani, katika klabu jirani, mchezaji mmoja alifariki, na wenzake wakamchukua mhusika wake, mganga mzee mwenye huruma, wakawa wanamchezea dhihaka. Walimfanya aibe, walimfanya alie kama mbuzi, wakimaliza wakamkabidhi mwingine. Mpima miwani aliyaona hayo siku aliyotembelea klabu hiyo. Mtu ambaye hajawahi kulalamika hata kwa watu wa maji, maji yakikatika, alirudi nyumbani akawaandikia makao makuu kwamba mwenye mhusika akifa, mhusika wake aachwe apumzike. Hawakumjibu. Maoni yake yalikuwa yamekaa huko miaka yote hiyo.

"Aliniogopea mimi," alisema Jabali.

Mwoka mikate alimpenda mumewe na kumkasirikia kwa pamoja, na vyote viwili aliviingiza kwenye unga. Baadaye akauliza.

"Aliwaambia upumzike. Aliwaambia unyamaze?"

"Hapana, wifi. Kunyamaza wameongeza wao."

Hayo nayo yalipelekwa. Klabu nzima iliandika, na klabu za miji mingine zikaandika pia, kwa kuwa Jabali hakuwa peke yake. Kulikuwa na mpiga zeze aliyekuwa akiwalaza wajukuu wa mtu, na mbilikimo mmoja aliyekuwa akimsukuma kipofu kwenye kiti chake cha magurudumu. Makao makuu walijibu kwa uungwana. Walishukuru kwa maoni mengi kuliko ya msimu wowote. Walikumbusha kwamba sheria hii haikutoka hewani, ilizaliwa na maoni ya mchezaji, na ni ushahidi kwamba makao makuu husikiliza. Itaanza kutumika kama ilivyotangazwa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya sheria, hakuna aliyejali kisa kinakwenda wapi. Kila mtu alikuja na vichekesho vyake. Daktari alileta joka lenye jino bovu linaloogopa sindano. Fundi umeme alimzamisha mhusika wake ndani ya pipa la asali, kwa hiari yake, mbele ya mfalme. Jabali alianza kimya, akapita kwenye kikohozi, kisha akacheka mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na yeye akaushika ukuta. Mkutubi alikuja kuangalia. Hakuwaambia wapunguze sauti. Alisimama mlangoni, ameegemea, mpaka kicheko kikaisha. Mwoka mikate alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri, na alilia bila kujificha, kwa kuwa mahali pale hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Asubuhi iliyofuata Jabali alifungua kinywa amsalimu wifi yake, na hakikutoka kitu. Hata nyayo zake hazikusikika. Alijaribu mara nyingine, kisha akainama, akashika trei za mikate akazipeleka mbele dukani. Mwoka mikate alimwambia shikamoo hana haja nayo, wao ni mawifi tu. Akaenda stoo akakaa juu ya gunia kwa muda, halafu akatoka.

Jumamosi walikwenda maktaba kama kawaida. Jabali alisimama ukutani, kwa kuwa sheria ilitaja meza na haikutaja ukuta. Mwoka mikate alikaa kwenye kile kiti. Mhusika wake, yule mwoka mikate mrefu kidogo, alifika kwenye lango la mji akamkuta mlinzi mkali mwenye mkuki. Daktari akamuuliza anafanya nini. Alisema anamuuliza yule mlinzi kama amekula. Akarusha dadu, zikaanguka vibaya kadiri dadu zinavyoweza kuanguka, na daktari akatangaza kwamba mlinzi amejitia kidole puani na kumkabidhi mkuki aushike.

Meza nzima ilicheka. Mwoka mikate akageuka nyuma. Jabali alikuwa ameshika ukuta. Kinywa kilikuwa wazi, machozi yakimtiririka juu ya kovu, mabega yakipanda na kushuka, na hapakuwa na sauti yoyote. Mwoka mikate alimtazama mpaka mwisho, kama anavyosubiriwa mtu amalize kusema.

Kisha akaigeukia meza. Daktari akamuuliza mhusika wake anafanya nini sasa, akiwa na mkuki wa mlinzi mkononi. Mwoka mikate alikuwa na jibu la busara, na wenzake walimwona kuwa analo. Aliliacha. Akazikusanya dadu, akawaza jambo la kipuuzi kuliko yote awezayo kulifanya mtu mwenye mkuki, akalisema kwa sauti ili lisikike mpaka ukutani.