Kibanda cha Mshika Breki

Jumamosi ya kwanza ya Majilio chama chetu cha treni ndogo za mfano hufungua milango, na nusu ya mji wetu wa Zittau huja kutazama. Mwaka ule, hata mama mkwe wangu, Frieda, alikuja. Miaka yote alikuwa akikataa.

Mume wangu, Alwin, alikuwa ameunda behewa la tangi kwa shaba nyembamba, dogo kama kalamu. Aliliiga behewa la petroli la wakati wa vita: magurudumu manne, na nyuma kibanda chembamba cha mbao, alimokaa mtu wa kukaza breki.

"Shemeji," Volkmar, mwenzetu wa chama, aliniambia, mdomo umejaa keki ya zabibu, "sheria ingeruhusu, huyu angelioa hilo behewa!"

"Na lingenipikia vizuri zaidi," Alwin akajibu. Nikampiga kikumbo.

Behewa likazunguka kwenye reli za mezani, likapita mbele ya mama mkwe. Akashika ukingo wa meza.

"Lisimamishe."

"Mama, watoto wanatazama."

"Alwin, lisimamishe!"

Akalisimamisha. Mama akakinyooshea kidole kile kibanda. "Humo ndimo nilimokuzaa."

Volkmar alicheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka; niliuona uso wa mama.

"Si ulisema ni hospitali?" Alwin akauliza.

"Nilisema. Ilikuwa Februari, tunakimbia vita kutoka Silesia. Uchungu ulinishika stesheni, na treni ya abiria haikuwepo. Mshika breki akaniingiza kibandani kwake. Mahali pa mtu mmoja tu. Yeye akasimama nje, kwenye ngazi."

"Kwenye baridi ile?"

"Baridi gani, mwanangu! Mate yaliganda. Na moto hakuna. Tangi lilijaa petroli, hata kiberiti marufuku. Komeo la mlango lilikuwa limevunjika, upepo ukiufungua kila mara. Akaushikilia kwa nje. Nilimsikia akiimba. Baadaye sikumsikia tena, nikadhani kachoka."

Hakuna aliyetafuna tena.

"Treni iliposimama nikausukuma mlango, haukufunguka. Nikapiga kelele, na wewe unalia. Wakaja wanaume, wakamkuta ameganda. Ilibidi wamvunje vidole, Alwin, ndipo wakautoa mkono wake kwenye mpini wa mlango. Nikawauliza jina lake. Wakasema, Alwin."

Mume wangu, mtu wa miaka hamsini, alikaa sakafuni pale pale, kati ya miguu ya watu.

"Ulisema ni jina la babu," akasema.

"Babu yako aliitwa Gustav. Ulikuwa mpenda treni tangu unatambaa. Ningekuambiaje?"

Alwin alizima umeme wa meza nzima. Watoto wakalalamika, Volkmar akawatoa nje polepole.

Masika tulimpeleka mama kwenye stesheni ambako treni ile ilisimama. Mhudumu wa makaburi ya pale alituonyesha kona walikozikwa watu wa majira yale ya baridi, pamoja, bila majina. Mama akapiga magoti, akaongea kwa sauti ya chini, kama anayemwomba radhi jirani. Alwin alisimama nyuma yake kofia mkononi, akilia waziwazi.

Njiani kurudi, mama alilala kiti cha nyuma, mdomo wazi, akikoroma hadi nyumbani.