Waliorudishiana Miji

Séphora alikuwa na miaka kumi na sita na mdomo usiojua breki. Jumapili moja mchana, jikoni kwao Okolona, mjini Louisville, alimkalisha baba yake Polycarpe ili amsikilize akijizoeza somo la historia atakaloeleza darasani: jinsi Wafaransa na Waingereza walivyogombea India.

"Yalikuwa makampuni ya biashara tu, Dad. Kila moja likamchagua mkubwa wa kulekule, likampa bunduki, likamwambia wewe ndiye mtawala. Basi wenyeji wakauana."

"Na mwisho?" Polycarpe aliuliza, sombe ya majani ya muhogo imemjaa mdomoni.

"Wazungu wakapatana kwao Ulaya. Waingereza wakarudishiwa Madras. Wafaransa nao, baadaye, wakarudishiwa Pondicherry."

"Na yule mtawala wa Wafaransa?"

"Chanda Sahib? Yeye walishamkata kichwa."

Polycarpe akasukuma sahani kando.

Alikuwa na vita vyake mwenyewe. Walipokuwa wakiishi Columbus, makanisa mawili ya Wamarekani yaliisaidia jumuiya ya Wakongo. Moja lilitoa ukumbi, jingine basi, na kila moja lilitaka mwenyekiti wake. Moja lilimsimamisha Polycarpe. Jingine lilimsimamisha Kataliko, kaka yake wa tumbo moja. Jamani, kiti cha plastiki katika ukumbi wa kuazima! Ndugu wakatukanana mbele za watu, jumuiya ikapasuka, Polycarpe akahamia Louisville, Kataliko Buffalo. Caritas, mke wa Kataliko, alipofariki, watu wa upande wa Polycarpe walisema atakayekwenda matanga amewasaliti. Naye, mtu mzima na ndevu zake, akatii. Hakumzika shemeji aliyempikia na kumfulia tangu wakiwa kambi ya wakimbizi. Tangu siku ile hakupata kulitaja jina la Caritas bila kuinamisha uso.

Jumamosi iliyofuata alipakia garini mchele, sukari na majani ya chai, vitu ambavyo mtu huenda navyo matanga, akashika njia ya Buffalo, kwa kaka yake. Alipofika Hilliard, pembeni mwa Columbus, alisimama kujaza mafuta, akaliona ng'ambo ya barabara kanisa lake la zamani. Bango moja lilikuwa na majina ya makanisa yote mawili. Uani, mchungaji wake na mchungaji wa kaka yake walikuwa wakichoma nyama pamoja, wakicheka.

"Polycarpe! Tumeungana!" mmoja alimwita kwa furaha. "Njoo ule!"

Alipunga mkono tu, akarudi garini. Hasira ilimpanda, kisha ikageuka aibu, maana hakuna aliyekuwa amemfunga kamba asiende kuzika.

Buffalo, katika mtaa wa Lower West Side, Kataliko mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amekonda sana. Polycarpe alipiga magoti palepale mlangoni, mfuko wa sukari mkononi.

"Yaya, kaka yangu, unisamehe. Nimekuya ku matanga."

Kataliko aliutazama ule mfuko.

"Matanga ilishakwisha. Bon. Nilikuwekea kiti karibu yangu. Watu walipotaka kukikalia, nilisema hapana, mdogo yangu iko njiani."

"Yaya..."

Kataliko alisogea kando kumpisha, kama angempisha mtu yeyote.

"Ingia, monsieur," alisema, kama anayemwita bwana asiyemjua. "Kuko baridi."