Muziki Juu ya Sauti ya Baba

Video ya harusi yangu ilikuwa inaruka. Mimi na gauni jeupe, mguu mmoja hewani, mara tayari niko ndani ya gari. Tulikuwa tunaihamisha kutoka kaseti ya zamani kwa mashine ya kuazima, na kompyuta ilikuwa inameza picha bila aibu, na kaka yangu Symphorien kando yangu anakoroga chai kana kwamba tuna mwaka mzima.

Hatukuwa nao. Benita, binti yangu, anaolewa Jumamosi. Kwetu binti hatoki nyumbani kabla baba hajamwekea mkono kichwani na kumsemea maneno ya baraka, na Benita hana baba tena. Atakayemsemea ni mimi. Nilitaka maneno ambayo baba yangu alinisemea hapahapa, nyumbani kwake Bel-Air, na sikumbuki hata moja. Siku ile nililia hadi nikawa kiziwi.

Kaseti yenyewe tuliitazama miaka na miaka. Jumapili baada ya misa majirani walijaa sebuleni, mama akigawa karanga, na kila msichana wa mtaa aliyechumbiwa alikuja kuangalia gauni langu. Siku zile zilikuwa tamu, jamani! Lakini baba alipofungua kinywa, kilichosikika ni gitaa. Symphorien, aliyeshika kamera, alikuwa amemwagia muziki juu. Wapiga video wengi wa mji walifanya hivyo. Kwao harusi bila muziki ilifanana na matanga. Nilimnunia sana. Sasa nilitumaini kompyuta ingepunguza gitaa, baba asikike walau kidogo.

Tulianza na picha. Symphorien alikuwa anarekodi kwenye diski ya nje, kuukuu, isiyoweza kwenda na mwendo wa kaseti. Nikamwambia ahamie diski ya kompyuta yenyewe, nikazima intaneti na kila kitu kilichokuwa wazi. Picha zikatulia. Nikatembea hadi garini hatua kwa hatua, na kiuno nilikuwa nacho enzi hizo!

Kisha sauti ikatuvuruga. Gitaa lilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na mngurumo, kama redio iliyoshika stesheni mbili.

"Yaya, kaseti imeoza," nilimwambia kaka yangu.

"Haiyaoza. Kwa magnétoscope ya baba haikuliaka hivi. Ni hii tuliazima kule Karavia njo inaleta fujo." Kijiko kikabaki hewani. "Simone, hii iko stereo. Ile yetu haikuwa."

Akanieleza. Kaseti kama ile hubeba sauti kwa njia mbili. Muziki aliuweka kwenye njia moja tu, nyingine ikabaki ilivyo, na magnétoscope ya baba, mashine yetu ya kaseti, ilijua kusoma hiyo moja tu. Hii ya kuazima ilikuwa inasoma zote mbili kwa pamoja. Akachukua rimoti, akabonyeza kitufe cha sauti. Gitaa likakatika.

Baba akakohoa.

Kikohozi kile! Nilikuwa nakisikia tangu mwisho wa barabara, nikajua baba ametoka kazini.

"Njo ile nilifichaka," Symphorien alisema polepole. "Nilisikia haya mbele ya bantu ba harusi. Baba anabariki mutoto na iko anakohola. Nikasema musiki itafunika."

"Nyamaza, yaya."

Baba alipangusa kinywa, akaweka mkono juu ya shela yangu. "Simone, mutoto wangu, uende muzuri. Uheshimu bwana yako. Lakini siku nyumba ile itakuwa moto, urudie. Usiulize muntu. Mulango yangu haifungwe kwako."

Nami nilikuwa nimerudi. Siku moja, Benita mgongoni, valise ya nguo mkononi, nilifika hadi kona ya nyumba hii, nikamsikia baba akikohoa uani. Nikageuka, nikarudi kwa mume wangu. Nilikuwa nimeambiwa tangu utoto kwamba binti aliyeolewa harudi, na niliamini baba atanifukuza. Alikufa mwaka uliofuata, bila kujua kwamba nilifika.

Nililia mbele ya Symphorien bila kujificha. Alitaka kusimamisha kaseti, nikamzuia mkono. Kisha nikairudisha nyuma hadi baba alipoanza, nikamwita Benita kutoka jikoni.

"Kuya, ikala hapa. Nkambo yako, baba yangu, iko anasema."

Akaketi, akasikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa bado na unga. Akaniangalia.

"Mama, na weye ulirudiaka hata mara moja?"

"Nilifika ku kona tu," nilimwambia. "Weye, usiishie ku kona. Ingia."